Askari Wakiondoka, Mapipa Hubaki kwa Nani?

Mwaka 1944, walinzi wa pwani wa Marekani walijenga kituo cha redio katika kisiwa cha St. Matthew, katikati ya Bahari ya Bering, kati ya Alaska na Urusi, zaidi ya kilomita 300 kutoka kijiji kilicho karibu. Kituo kilirusha mawimbi ya LORAN, mfumo ulioziwezesha meli na ndege za vita kujua zilipo kwa kupima tofauti ya muda kati ya ishara za vituo viwili. Wanaume 19 walikaa huko. Waliletewa pia kulungu wa nchi za baridi 29, wawe akiba ya nyama endapo meli ya chakula ingechelewa. Vita vilipokaribia kwisha wanaume waliondolewa. Kulungu walibaki, na mapipa ya mafuta, betri na vyuma vilibaki pamoja nao.

Kisa cha kulungu kimesimuliwa sana. Kufikia 1957 walikuwa 1,350, na mwaka 1963 walikuwa 6,000, wamekwisha kutafuna karibu mimea yote ya kijivu iitwayo lichen, inayoota kama ndevu juu ya mawe na ardhi, ambayo ndiyo chakula chao wakati wa theluji. Baada ya baridi ya 1963 kuingia 1964 walihesabiwa 42 tu: majike 41 na dume mmoja asiyeonekana kufaa kuzalisha. Leo hayupo hata mmoja. Kisa cha mapipa hakisimuliwi sana, maana kutu haina haraka.

Nimekuwa nikifuatilia habari za maeneo kama hayo nikiwa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mbali na bahari yoyote, na swali lililonikaa ni hili: kituo cha redio cha vita kikiachwa mahali pagumu kufika, kisafishwe mpaka ardhi irudi ilivyokuwa, au kiachwe kizeeke chenyewe? Mwanzoni jibu langu lilikuwa jepesi. Anayechafua asafishe, basi. Siku hizi silitoi haraka hivyo.

Tuanze na wanaosema kiachwe, kwa sababu hoja yao huwa haisikilizwi vizuri. Katika kisiwa kama St. Matthew hakuna mtu anayeishi. Tangu 1970 sheria inakilinda kibaki pori lisiloguswa, na kuna ndege mdogo mweupe ambaye karibu wote wa aina yake hutaga hapo na katika kisiwa kidogo cha jirani tu. Ukitaka kuondoa kila kipande cha chuma, lazima ulete meli, helikopta, matrekta na kambi ya wafanyakazi. Kwenye ardhi ya barafu, njia ya tingatinga huonekana kwa miongo mingi. Ukifukua udongo uliolowa dizeli unafungua pia barafu iliyo chini yake, na maji yanapata njia mpya ya kuibeba hiyo dizeli. Kwa hiyo mtu anaweza kwenda kusafisha akaacha jeraha kubwa kuliko alilolikuta.

Halafu kuna gharama. Katika miaka ya 1950, Marekani na Kanada zilijenga mstari wa vituo vya rada na redio kutoka Alaska kupita kaskazini yote ya Kanada, kuzionya nchi hizo iwapo ndege za Wasovieti zingekuja. Vilipozeeka, wizara ya ulinzi ya Kanada ilisafisha vituo 21. Kazi ilianza 1996 ikaisha 2014, nayo ilikula takriban dola za Kanada milioni 575, yaani wastani wa milioni 27 na zaidi kwa kila kituo. Hiyo ni nchi tajiri. Mtu wa wilaya yetu ambaye zahanati yake haina dawa ana haki kabisa ya kuuliza kama pesa ya namna hiyo izikwe kwenye mlima usio na watu.

Sasa upande wa pili. Kaskazini ya St. Matthew kuna kisiwa kikubwa zaidi, St. Lawrence, na huko watu wapo: Wayupik, ambao wamevua samaki na kuwinda sili na nyangumi tangu zamani. Kwenye pembe ya Northeast Cape, jeshi la anga la Marekani lilijenga kambi ya rada na mawasiliano ya redio miaka ya 1950, likaifunga miaka ya 1970, likaacha nyuma mapipa, transfoma na udongo uliolowa mafuta. Familia za kijiji cha Savoonga zilikuwa zikienda pale kuvua na kuwinda, na ziliendelea kwenda. Mhudumu wa afya wa kijiji, mama aliyeitwa Annie Alowa, alianza kuwaona waliokwenda kule wakiugua saratani na wengine mimba zikiharibika. Alipiga kelele kwa miaka, akifariki mwaka 1999 naye akiwa na saratani. Hatimaye serikali ya Marekani ilitumia zaidi ya dola milioni 100 kusafisha.

Kinachoogopwa hasa ni nini? Kituo cha redio si mlingoti peke yake. Umeme wake hutoka kwenye jenereta, kwa hiyo kuna dizeli na oili chafu. Kuna betri za madini ya risasi na asidi. Kuna asbesto kwenye mabomba. Kuna transfoma na kapasita ambazo zamani zilijazwa mara nyingi mafuta ya PCB, yaliyopendwa kwa sababu hayashiki moto kirahisi. Marekani ilipiga marufuku kuyatengeneza mwaka 1979. Sifa iliyoyafanya yapendwe ndiyo ubaya wake: hayavunjiki. Yakiingia mwilini hukaa kwenye mafuta ya mnyama, samaki mkubwa akala mdogo, sili akala samaki, mama akala sili, mtoto akanyonya.

Hapo wataalamu wa serikali huleta hoja ambayo haifai kupuuzwa: PCB hupeperushwa na upepo kutoka nchi za viwanda mpaka ncha ya kaskazini, kwa hiyo sumu iliyo kwenye damu ya watu wa kisiwa haiwezi yote kuhesabiwa kwa kambi ile. Ni kweli. Lakini mimi naona hoja hiyo inamtwika mzigo mtu asiyestahili. Mtu ambaye tayari amepokea sumu ya dunia kwa njia ya upepo ana sababu zaidi ya kuondolewa ile iliyo mlangoni pake. Na wenyeji wa Savoonga, hata baada ya mamilioni yale, wamebaki na mashaka juu ya samaki wao. Makontena yaliyojazwa udongo yanahesabika. Imani ya mama anayekata samaki ampe mwanawe haihesabiki hivyo.

Mpaka hapa ningesema hivi: penye watu, au penye chakula cha watu, kisafishwe bila kujali umbali. Pasipo na watu, ondoa vimiminika na betri, kisha acha zege na chuma viliwe na kutu. Kwa Alaska naona inatosha. Kwetu haitoshi.

Kwetu tatizo limepinduka. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na kiwanja karibu na mji wetu, penye nyumba mbili zilizobaki kuta na nguzo za mlingoti, ambapo wazee walisema palikuwa na mitambo ya redio ya wanajeshi kabla ya vita vya 1979 vilivyomng'oa Idi Amin. Sisi watoto hatukukuta mitambo yoyote. Mabati yalikwisha kwenda, milango ilikwisha kwenda. Tulichokuwa tukichimbua ni vipande vya nyaya, tukavichoma hadi plastiki iishe, tukauza shaba kwa wanunuzi wa skrapu. Betri kuukuu zilipasuliwa kwa mawe ili mabamba ya risasi yatoke, na maji yake yakamwagwa pale pale. Moshi wa zile nyaya nausikia mpaka leo. Hakuna aliyetuambia lolote, na sidhani waliokuwa na wajibu wa kutuambia walijua kiwanja kile kipo.

Kule Bering sumu inabaki mahali ilipoachwa kwa sababu hakuna wa kuibeba. Huku kwetu inabebwa. Mlingoti unakuwa mageti, shaba inakwenda sokoni, pipa la kemikali linaoshwa likawa la maji ya kunywa. Wizi wa mafuta ya transfoma ni tatizo la muda mrefu Uganda. Wala hatuna haja ya kubahatisha mafuta ya namna hiyo yanaweza kufanya nini yakifika jikoni. Mwaka 1968 huko Japani, PCB zilivuja kutoka kwenye bomba la kupashia joto kiwandani zikaingia kwenye mafuta ya kupikia. Zaidi ya watu elfu moja waliugua, ngozi zikawatoka vipele vyeusi, na wako watoto waliozaliwa na rangi ya ngozi isiyo ya kawaida.

Risasi nayo ina mfano wa karibu zaidi. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ulikaa ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kuanzia 2007 hadi 2014. Watoto walipimwa wakakutwa na risasi damuni. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri zinazoyeyushwa katika viwanda kama hivyo hazina asili ya ajabu. Zinatoka kwenye magari, kwenye minara ya simu, kwenye vituo vya redio.

Kwa hiyo, kwa Uganda, kusema kituo kiko mbali hakuna maana. Umbali ni kinga pale ambapo chuma hakina mnunuzi. Hapa kina mnunuzi mwenye pikipiki na mizani.

Wapo watakaosema basi biashara ya skrapu ipigwe marufuku. Sikubaliani nao. Vijana wengi wanakula kwa kazi hiyo, na marufuku ingewasukuma wafanye usiku yale wanayoyafanya mchana. Wao ndio wanaojua kila kiwanja kilichoachwa kilipo, kuliko ofisi yoyote. Ningependa walipwe bei nzuri kwa betri nzima isiyopasuliwa kuliko betri iliyomwagwa asidi, na waambiwe kwa lugha wanayoielewa, Kiswahili kikiwemo, kwamba transfoma yenye kibao cha miaka ya zamani isifunguliwe.

Pesa ni kikwazo cha kweli hata hivyo. Uganda iliingia Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za sumu zisizovunjika upesi, mwaka 2004. Mkataba huo ulizipa nchi hadi 2025 kuacha kutumia vifaa vyenye PCB, na hadi 2028 kuhakikisha taka zake zinashughulikiwa kwa njia salama. Njia salama kwa kawaida ni tanuri la joto la nyuzi zaidi ya 1,100, na kwa nchi za ukanda wetu hilo mara nyingi humaanisha kuzisafirisha Ulaya. Kutoka Kampala hadi bandari ya Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara kabla hata ya meli. Kibarua hicho hakiwezi kuachiwa wilaya moja. Sheria yetu ya mazingira ya 2019 inataka mchafuzi alipe, lakini kwa kituo kilichoachwa na serikali iliyokimbia, mchafuzi ni dola yenyewe, na dola haifi rais anapokimbia.

Kasese, magharibi mwa Uganda, wanalijua hili. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulisimama mwaka 1982, na makapi yake bado yamo kwenye bonde la mto Nyamwamba, yakichukuliwa na mafuriko. Kule angalau kila mtu anauona mlima wa makapi. Kiwanja cha redio hakina mlima. Kina udongo mweusi mahali jenereta ilipokuwa, na miaka michache baadaye mtu anapanda mihogo juu yake.

Kile cha kwetu kimeshapandwa. Sitaki kwanza tingatinga wala helikopta. Nataka mtu aje na mfuko wa kuchukulia udongo, amtafute mzee anayekumbuka jenereta ilikaa wapi na betri zilimwagwa wapi, achukue kutoka pale na kutoka kwenye kisima kilicho chini ya mteremko, kisha majibu yasomwe hadharani, mwenye shamba akiwa amekaa mbele.