Rubani na Kura ya Tawi

Mimi ni rubani, nimezaliwa na kukulia Mbeya, na njia ninayoiruka mara nyingi kuliko nyingine ni ile ya Dar es Salaam hadi Songwe. Kila kipindi cha kuchagua viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi kinapofika, nawasikia marubani wenzangu wakirudia jambo lilelile, kwamba uchaguzi huo ni wa watu wa ofisini, wa kaunta na wa karakana, na kwamba kazi ya rubani ni kurusha ndege. Sikubaliani nao hata kidogo. Rubani asiyepiga kura mahali pake pa kazi anaacha mapumziko yake yapangwe na watu ambao hawajawahi kuamka saa tisa usiku kwenda kubeba roho za watu, na kwa kazi kama yetu jambo hilo ni la usalama wa abiria kabla halijawa la maslahi.

Nianze na mapumziko, kwa kuwa ndipo uzito wote ulipo. Safari ya jioni inapotua Songwe na sisi tukawa tumepangiwa kulala Mbeya, kazi haiishi pale injini zinapozimwa. Kuna makaratasi ya kukamilisha, kuna kulisubiri gari, kisha kuna barabara. Uwanja wa Songwe, ulioanza kutumika mwaka 2012 badala ya ule wa zamani wa mjini, uko nje ya jiji, na njia ya kuingia mjini ni barabara kuu ileile inayobeba malori ya Tunduma. Anayeijua Mbalizi saa za jioni anafahamu kwamba lori moja likikwama kwenye mteremko wa Iwambi, foleni inaweza kula muda ambao ungetosha kuoga, kula na kuanza kusinzia. Asubuhi yake ndege ya kurudi iko mapema, na dereva anagonga mlango kungali giza. Sasa, muda ule uliopotelea kwenye foleni unahesabiwa kuwa ni wa zamu au ni wa mapumziko? Nani aliyekubali uhesabiwe hivyo, lini, na kwa niaba ya nani?

Kanuni za usafiri wa anga, zinazojengwa juu ya Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago, yaani mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, huweka ukomo wa saa za kuruka na za zamu, pamoja na kiwango cha chini cha mapumziko. Hicho ni kiwango cha chini tu. Yote yaliyo juu ya hapo, yaani hoteli iwe umbali gani, gari lifike baada ya muda gani, zamu ya akiba ilipwe vipi na siku ya mapumziko inaweza kufutwa kwa taarifa ya muda gani, hupatikana mezani kwa majadiliano na kuandikwa katika mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri. Kwenye meza hiyo rubani wa kawaida hakai. Anakaa mwakilishi aliyechaguliwa, na kama mwakilishi huyo hajawahi kulala Mbeya akiwa na safari ya alfajiri, hataona sababu ya kuuliza habari za Iwambi.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo madogo. Asemaye hivyo na aje akae nami kwenye chumba cha marubani tunapokaribia Songwe asubuhi ya ukungu. Uwanja uko zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kwa hiyo ndege hugusa ardhi ikiwa na kasi kubwa kuliko ile tuliyoizoea pwani. Safu ya milima ya Mbeya iko palepale kaskazini, imejificha ndani ya mawingu. Mnara wa kuongozea ndege unakupa umbali wa kuonekana, nawe rubani unaulinganisha na kiwango chako, unaangalia mafuta, kisha unaamua: kusubiri angani, kwenda uwanja wa akiba, au kurudi Dar es Salaam na abiria waliokuwa wakiwahi msiba Tukuyu au mkutano Vwawa. Uamuzi huo unahitaji kichwa kilicholala. Uchovu haupigi hodi. Unamfanya mtu arudie hesabu ileile mara mbili bila kugundua, na aone kwamba kuendelea ni rahisi kuliko kuachana na njia aliyokwisha kuianza.

Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo nchini Marekani na kuua watu 50, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba yake. Wachunguzi walieleza kwamba chanzo kilikuwa ni namna kapteni alivyoitikia onyo la ndege kuishiwa kasi, lakini waliona pia kwamba uchovu huenda ulipunguza uwezo wa marubani wote wawili. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kuja kazini, na kapteni alikuwa amelala katika chumba cha wafanyakazi uwanjani. Mtu hulala kwenye kochi la uwanjani kwa sababu mji anakopangiwa kazi hawezi kuumudu au hakupewa pa kulala, na hayo ni mambo ya mshahara, makazi na rosta, mambo ambayo wawakilishi wa wafanyakazi huyapeleka mezani mwaka hadi mwaka. Baada ya ajali ile Bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka 2010, na kanuni mpya za uchovu zikaanza kutumika Januari 2014. Hiyo ni karibu miaka mitano baada ya mazishi.

Tena ukomo wa saa za kuruka wenyewe haukushuka kutoka mbinguni. Chama cha marubani wa mashirika ya ndege cha Marekani kilianzishwa mwaka 1931, wakati ambapo kampuni ziliona kwamba rubani anayerushwa saa nyingi zaidi ndiye mwenye faida zaidi. Mei 1934, baada ya mvutano mkali, Bodi ya Taifa ya Kazi ya nchi hiyo ilitoa Uamuzi Namba 83 uliomwekea rubani kikomo cha saa 85 kwa mwezi, na mwaka 1938 ukomo huo ukaingizwa katika sheria ya usafiri wa anga. Kwa hiyo rubani anayesema kwamba chama na kura ni mambo yaliyo mbali na kazi yake, anasema hivyo akiwa amekaa juu ya matunda ya kura za waliomtangulia.

Turudi kwetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, imetupa haki iliyo wazi. Kifungu cha 9 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kushiriki shughuli zake halali, na kinakataza mtu kubaguliwa kwa sababu hiyo. Katazo lililomo kwa wafanyakazi wa ngazi ya juu ya menejimenti, la kuwa katika chama kimoja na wale wanaowasimamia, lisitumiwe kumtisha kapteni, kwa kuwa milia minne begani haimfanyi mtu kuwa menejimenti; inamfanya kiongozi wa ndege, basi. Kifungu cha 62 kinaweka idadi ya wawakilishi kulingana na wanachama waliopo: mmoja kwa wanachama 1 hadi 9, watatu kwa 10 hadi 20, kumi kwa 21 hadi 100, na kumi na watano mahali penye wanachama zaidi ya 100, ambapo angalau watano wanapaswa kuwawakilisha wanawake. Wawakilishi hao ndio wanaosimama na mwanachama katika kikao cha nidhamu. Rubani aliyewahi kuitwa kueleza kwa nini alikataa kuruka akiwa mchovu anajua thamani ya kuwa na mtu anayejua kusoma sheria kando yake.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo ningependa lisomwe kwa makini, ni kwamba chama kikishatambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano, mkataba kinaousaini humfunga hata mfanyakazi asiye mwanachama. Na pakiwa na makubaliano ya ada ya uwakala, asiye mwanachama naye anaweza kukatwa. Wakulima wa kahawa wa Mbozi wanalielewa hili kuliko sisi wenye leseni za kimataifa, kwa maana mkutano mkuu wa AMCOS, yaani chama chao cha ushirika, ukishapitisha makato kwa kila kilo, asiyehudhuria hukatwa sawasawa na aliyehudhuria, na hana pa kuulizia.

Hata hivyo si haki kuwalaumu marubani peke yao. Katika kampuni moja niliyoifanyia kazi, uchaguzi wa tawi ulifanyika siku moja ya kazi, makao makuu, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Hizo ni saa ambazo ndege ziko angani, na waliozirusha, waliohudumia abiria ndani yake, pamoja na mafundi waliokuwa vituo vya mikoani, wote walikuwa nje ya uchaguzi bila mtu kutamka kwamba wamezuiwa. Waliochaguliwa walikuwa watu waungwana na wachapakazi, sina neno nao, lakini walichokijua ni ofisi. Majadiliano ya mwaka huo yalihusu usafiri wa kwenda kazini mjini Dar es Salaam na kantini, na habari ya kulala mikoani haikuguswa.

Dawa yake inajulikana na wala haina gharama kubwa. Upigaji kura uchukue juma zima, na sanduku liwekwe pale ambapo kila mhusika hupita, yaani katika chumba cha maandalizi ya safari, karakana, na katika vituo vya mikoani kama Songwe. Kama katiba ya chama inaruhusu kura kwa njia ya mtandao, itumike, ili mradi msimamizi wa uchaguzi asiwe mtu wa idara ya rasilimali watu na asiweze kuona nani kamchagua nani. Usiri huu nausisitiza, kwa sababu katika kituo chenye wapiga kura watatu au wanne, kura zikihesabiwa na kutangazwa kituo kwa kituo, hakuna siri tena. Kila mtu atajua kura iliyompinga mgombea fulani imetoka wapi. Kura za vituo vidogo zichanganywe na nyingine kabla ya kuhesabiwa.

Hofu hiyo si ya kubuni. Rubani msaidizi mmoja kijana, siku tuliyokuwa tumekaa tukisubiri hali ya hewa ya Songwe itulie, aliniambia kwa adabu, “Kapteni, uniwie radhi, mimi kule kwenye uchaguzi sionekani. Zamu yangu ya kupanda ukapteni ikifika, watanikumbuka kwa ubaya.” Nilimjibu, “Mdogo wangu, kugombea unaweza kukataa, lakini kura yako hakuna anayeiona.” Bado naamini hivyo, ila naamini pia kwamba wenye jukumu la kumwondolea hofu ni wale wanaoandaa uchaguzi.

Sisi marubani ni wachache, na katika chama kinachojumuisha wafanyakazi wote hatuwezi kushinda kwa kuchaguana wenyewe kwa wenyewe. Wala sidhani kwamba tunapaswa kufanya hivyo. Mhudumu wa ndani ya ndege analala hoteli ileile na anaamka saa ileile. Fundi anayesaini ndege saa nane usiku ana uchovu uleule. Mwaka ambao hakuna rubani anayegombea, ningempa kura yangu mhudumu mwenye msimamo kabla ya kapteni anayeutafuta uwakilishi kama ngazi ya kufikia umeneja. Kwa mgombea yeyote huwa natazama kama ameusoma mkataba wa hali bora uliopo, kama amewahi kusimama na mwenzake aliyekuwa matatani wakati ambapo hakuwa na cha kupata, na kama huleta taarifa ya vikao kwa maandishi badala ya kunong'ona kwenye korido. Ufasaha wa kuzungumza sijali sana.

Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma kwa siku kadhaa, mfuko wao wa akiba ukiwa miongoni mwa madai, hadi mahakama ilipowaamuru warudi kazini. Abiria waliokwama hawakuwa na kosa, na sitamani kuyaona hayo Songwe. Kwetu sheria inataka usuluhishi kwanza, kura ya wanachama, na notisi ya saa 48 kabla ya mgomo. Lakini ni vigumu zaidi mambo kufika huko pale ambapo wawakilishi wanaijua kazi na wanaungwa mkono na waliowachagua.

Kwa wenzangu walioko vituoni msimu huu, rosta ya mwezi hupangwa mapema, na mpangaji wa rosta hawezi kukisia nani anataka kupiga kura. Tarehe ya uchaguzi ikishabandikwa, andika ombi lako kabla rosta haijafungwa, weka nakala, na umwombe katibu wa tawi ahakikishe jina lako limo katika daftari la wanachama, kwa sababu rubani aliyehamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine mara nyingi jina lake hubaki kule alikotoka. Kama hukuwahi kujaza fomu TUF 6 ya kukatwa ada ya chama, ijaze sasa.