Nionyeshe mama yake kwanza

Wiki iliyopita mama mmoja wa Kiingereza alikataa hela yangu. Haikuwa pungufu wala bandia. Alisema tu kwamba bado hajaridhika na mimi.

Nilitaka kununua mtoto wa mbwa aina ya Cavalier King Charles, vile vijibwa vya masikio ya kuning'inia ambavyo binti yangu ameviimba nyumbani hadi tumechoka. Ubalozini nilihojiwa kwa maswali machache kuliko ya yule mama. Mchana nyumbani anabaki nani? Uani kuna uzio? Mkienda Tanzania likizo, mbwa mtamwachia nani? Umewahi kufuga? Nikamwambia tulikuwa na Popi, mchana bandani, usiku anafunguliwa alinde. Akaandika kitu kwenye daftari lake, midomo kaikaza. Nilitoka pale nimenuna. Mtu ana hela mkononi, unamuuliza habari za uzio?

Lakini haki yake nimpe. Kabla hajanihoji alishaniwekea kila kitu mezani. Mama wa vijibwa alikuwa amelala pembeni ya jiko, wanawe wamemng'ang'ania. Kadi ya chanjo ipo, namba ya chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi ipo, na vipimo vya moyo vya wazazi wote wawili vipo. Mbwa wa aina hii wanasumbuliwa sana na moyo: valvu, yaani kilango cha moyo, inalegea, damu inarudi nyuma, na mbwa anaanza kukohoa na kuishiwa pumzi. Mtoto wa wiki nane huwezi kumtazama ukajua moyo wake utakuwaje akifika miaka sita. Mama yake na baba yake ndio wanaokupa fununu.

Sasa njoo kwetu pale kwenye mataa. Kijana, boksi, kijibwa cheupe kimetoka kuogeshwa. "Bosi, huyu pyua kabisa." Kachanjwa? "Zote, bosi." Taa inawaka kijani, honi nyuma, hela imeshapita dirishani. Siku ya tatu kijibwa kinatapika na kuhara damu, parvo hiyo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, na wiki haiishi kimezikwa nyuma ya choo. Halafu mwenye nyumba anatangazia mtaa mzima kwamba mbwa wa kizungu hawawezi hali ya hewa yetu. Hali ya hewa imekosa nini jamani?

Najua nitakachoambiwa. "Huyu ameshakuwa mzungu. Watu wanatafuta ada za watoto, yeye anatuletea moyo wa mbwa." Sawa. Ila bibi yangu kule Rungwe hakuwahi kupanda ndege, na hakuwahi kununua mtamba bila kumwona mama yake akikamuliwa. Alikuwa anadamka gizani awahi zizini, asije akaonyeshwa maziwa ya ng'ombe mwingine. Alikuwa anauliza baba ni dume la nani, na mama amezaa mara ngapi. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, bibi anachukua fimbo yake anaondoka. Elimu hii tunayo tangu zamani. Kinachoniudhi ni kwamba tunaitumia kwa ng'ombe, tukifika kwa mbwa tunanunua kama karanga.

Na wala msidhani nawasifia Waingereza. Sheria yao inayomtaka muuzaji aonyeshe mtoto akiwa na mama yake, pale pale alipozaliwa, imeanza Aprili 2020 tu. Inaitwa kwa jina la Lucy, Cavalier aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba moja la kuzalishia mbwa huko Wales, akiwa amezalishwa mfululizo hadi uti wa mgongo umepinda kwa kukaa kizimbani. Hao ndio wastaarabu wenyewe. Hata sasa matapeli wanakodi nyumba safi, wanamlaza sebuleni jike ambaye si mama, na mnunuzi anapewa chai. Wajanja wanamtazama matiti: anayenyonyesha huonekana, na wanawe wakimwona hawatulii.

Kwetu sheria ya ustawi wa wanyama tunayo tangu 2008, kwa hiyo msiniambie tatizo ni karatasi. Na wafugaji waaminifu wapo, wengine nawafahamu, wanalalamika kwamba wateja wanawakimbia kwa sababu hawapunguzi bei na wanauliza maswali mengi. Kijana wa kwenye mataa yeye haulizi kitu. Ndiyo maana anauza.

Mpwa wangu yuko Kinondoni, amepata "dili" la kijibwa kwenye simu, akanitumia picha nimpe ushauri. Nikamwambia: mjomba, usitume hela, omba uende nyumbani kwao ukamwone mama yake. Muuzaji akajibu kwamba mama yuko Arusha. Basi omba video yuko na watoto. Simu ya mama imeharibika chaji, akasema. Simu ya mbwa! Mpwa wangu bado ananiuliza kama bei ni nzuri.