Benzi au BM? Mama Watoto Anasubiri Jibu

Jamani ngojeni niongee kidogo kabla presha haijapanda. Sasa hivi imeingia meseji ya Mama Watoto, picha mbili na neno moja. Picha ya kwanza Mercedes C180 nyeupe, ya pili BMW 320i nyeupe, neno lenyewe "Chagua." Hamna salamu, hamna umeshindaje, hamna hata kale kamoyo kekundu tulikokuwa tunatumiana enzi za uchumba. Na tiki zimeshakuwa bluu, kwahiyo anajua nimeona, na mi najua anajua.

Sasa ndugu zangu, mi ni mtu wa kuulizwa Benzi au BM? Mi huyu nikifika sheli nasema "weka ya elfu kumi" alafu naangalia pembeni nisikutane macho na yule dada wa pampu? Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, wakitangaza bei mpya za mafuta, siku hiyo naongea kwa upole na kila mtu, hata watoto wanajua baba leo asiombwe kitu.

Chanzo ni kikoba. Mweka hazina wao amekuja kikaoni na BM. Mi ningekuwa mwanachama pale ningesimama niombe tusomewe mahesabu, lakini wao walichouliza ni kama siti ni za ngozi. Toka siku hiyo Toyota IST yetu imekuwa tatizo humu ndani. Eti IST mjini hapa ni taksi, na hapo simbishii sana maana kweli akipaki nayo nje ya duka watu wanafungua mlango wa nyuma wanakaa, wanamuuliza dada wewe ndo wa app? Juzi mama mmoja kaingia na mtoto na beseni la dagaa, kagoma kushuka, anasema ameshalipia.

Kwahiyo inatakiwa gari ya Mzungu. Hela yenyewe nusu ya kikoba, nusu mkopo wa mshahara wangu ambao mi mwenyewe bado sijaambiwa kama nimekubali kuuchukua.

Nikaona nifanye utafiti kama mwanaume msomi. Kumbe hawa watu ni majirani kabisa, Benzi wako Stuttgart, BM wako Munich, umbali wa Dar na Moro ukiongeza kidogo. Na sikilizeni hili maana limeniuma kweli. Mwaka 1959 BM walikuwa hoi, hela hamna, na mpango ukaletwa mezani kwamba Benzi wawachukue jumla, yaani yangebaki yale yale ya nyota basi. Tarehe 9 Desemba wenye hisa wakakaa kikao Munich. Si wakatokea wanahisa wadogo na wauza magari wakapinga! Wakabishana weee mpaka mpango ukafa, alafu tajiri mmoja, Herbert Quandt, akaamua kuweka hela zake BM wakasimama tena. Mmeona walichonifanyia? Watu wanakaa Ujerumani, wamevaa makoti yao, hawanijui, sijawakosea, wanapiga kura mimi leo nipate picha mbili badala ya moja.

Ya Benzi nayo nikaona nimsimulie Mama Watoto kama kumtia moyo. Nikamwambia mke wangu, Agosti 1888 mke wa huyu Carl Benz, anaitwa Bertha, alichukua gari ya mumewe bila kumuaga, akapakia vijana wake wawili, katoka Mannheim hadi Pforzheim kwa mama yake, kilomita mia na ushee. Mafuta kanunua duka la dawa. Bomba la mafuta likaziba kazibua na pini ya kofia. Breki zikaanza kuisha, kapita kwa fundi viatu akamgongea ngozi. Lengo langu lilikuwa aone kwamba mwanamke anaweza kabisa kutengeneza gari mwenyewe bila kunipigia simu nikiwa kazini. Akanisikiliza mpaka mwisho, ametulia tuli, alafu akaniambia, "Kwahiyo Baba Watoto, mwanamke wa mwaka 1888 alikuwa na usafiri wa kwenda kwao." Akaondoka kwenda kuangalia wali jikoni.

Jumamosi tukaenda yadi. Sitaitaja.

Katupokea dalali, kijana kachomekea, suruali imembana mpaka unamuonea huruma, funguo nyingi mkononi anazichezesha. "Karibu dada yangu, karibu shem." Hapo hapo, sijamjua jina, nina shemeji mpya. Akaniuliza, shem wewe unatumia gari gani? Nikasema IST. Akasema, "Aaah, gari nzuri ile, kwa kuanzia." Nina miaka arobaini na nne jamani. Naanza nini?

Mama Watoto kaingia kwenye Benzi, kakaa, kavuta siti mbele, karudisha nyuma, kashusha kioo cha kujiangalia, kajiangalia. Dalali akaniita pembeni. "Shem, hebu funga huo mlango." Nikafunga. "Umesikia?" Nikasema nimesikia mlango umefunga. "Hapana shem, hujasikia. Funga tena." Nikafunga tena. Anafumba macho, anatikisa kichwa, mkono kifuani. Nikafungua nikafunga mpaka mlinzi wa getini akaja kuuliza kama kuna shida na kitasa.

Basi, tuiwashe. Mama Watoto akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena, taa za dashibodi zikawaka kidogo zikafa. Dalali hata hakustuka. "Betri imelala tu dada yangu, hizi gari za Mjerumani zinapumzikaga." Imepumzika kuanzia lini? Nilivyoangalia vumbi la kioo cha nyuma kuna mtoto alishaandika "nioshe" na vumbi lingine likaja juu ya ile nioshe. Akatumwa kijana akatafute gari ya kubusti. Akarudi na kirikuu. Kirikuu cha mkaa, ndugu zangu, kimejaa magunia mpaka kinatembea kimepiga magoti, dereva kavaa kandambili na kipensi, kageuza pale karibu ya Benzi, kafungua, kachomeka waya, huku magunia yanamwaga vumbi jeusi kwenye boneti nyeupe na dalali anafuta kwa tai yake. Kirikuu kikapigwa resi. Kikanguruma, kikatoa moshi, kikatetemeka chote, na Benzi likaamka.

Dereva wa kirikuu akasema buku tano. Kila mtu kimya. Dalali kaangalia juu, kaangalia chini, alafu kanigeukia mimi. "Shem, una buku tano hapo?"

Nikatoa. Naomba mnielewe, sijanunua gari, sijapewa bei, sijapewa hata maji ya kunywa, nimeshalipia matengenezo.

Ile gari kuamka tu, sauti ya dada ikaanza kuongea Kijapani. Mama Watoto akauliza inasema nini. Dalali bila aibu: "Inakukaribisha dada yangu, inasema karibu sana, safari njema." Mke wangu akatabasamu, akaiambia asante. Mi nikameza mate. Maana IST yangu inasema maneno hayo hayo kila asubuhi miaka yote, na kuna jamaa yangu amesoma Japan alishanitafsiria, kile ni kifaa cha kulipia barabara za kule kwao, kinalalamika kwamba kadi haijawekwa. Yaani gari ya Mjerumani, inaongea Kijapani, imeamshwa na gari ya mkaa, iko Magomeni inadai hela ya barabara, na mke wangu anaishukuru.

Tukahamia kwenye BM. Siti nyekundu. Hapo moyo wangu ukashuka kwasababu niliona macho ya Mama Watoto. Mi nikawahi kwenye buti, nikafunua zulia natafuta spea tairi, hamna. Nikauliza. "Shem, hizi ni ranfleti, hazihitaji spea, ikipata pancha unatembea nayo tu kilomita themanini, spidi usizidishe themanini." Nikamwambia kwao huyu ni Singida, ni karibu kilomita mia saba, na kila Krismasi lazima tuende. Pancha ikitokea porini huko baada ya Gairo, hizo themanini zikiisha giza limeingia na watoto wako ndani, namuita nani, Munich? Akaniangalia kwa huruma. "Shem, usiwaze pancha. Waza maisha."

Nilipoomba punguzo nikaacha kuwa shem. Ikawa "mzee, hiyo bei ni ya mwisho."

Wakati huo mwenzangu anapigwa picha kaegemea Benzi, funguo ya BM mkononi. Kaweka statasi: "Mungu ni mwema wakati wote." HATUJANUNUA! Jioni shangazi yake kapiga simu toka Singida kunipongeza, na kwenye hiyo hiyo simu akaingiza habari ya ada ya mtoto wa form two. Mama mkwe kasema tuchukue yenye nyota. Mwenyekiti wa mtaa ananisalimia kwa jina langu kamili.

Nikasema basi niagize mwenyewe Japan, nikafungua kikokotoo cha TRA. Forodha asilimia 25, VAT 18, ushuru wa bidhaa unaangalia cc, yaani ukubwa wa injini, alafu gari ikizidi miaka kumi wanakuongezea 30 ya uchakavu, yaani Japan ikizeeka inashuka bei, ikifika Dar inaadhibiwa kwa uzee wake. Nikaifunga simu nikailaza kifudifudi.

Fundi wangu ndo kanitisha kuliko wote. Anasema BM ukiiwekea betri mpya lazima kompyuta ya gari itambulishwe kwamba huyu ni mgeni, na Benzi nayo ina mambo yake. Nikamwambia fundi niambie ukweli, nichukue ipi? Akacheka. Akaniwekea mkono begani, mkono wenye grisi, shati la kazini. "Chukua yoyote bosi. Mi nipo."

Haya, turudi kwenye meseji maana anasubiri. Nimemjibu "zote nzuri mke wangu." Kajibu: "Sijauliza kama ni nzuri." Nikaandika BM. Kajibu: "Sababu?" Nikaona hapa ni mtego, nikaandika basi Benzi. Kajibu: "Mbona unabadilika haraka hivyo, huna msimamo na mambo yako." Huyu mtu ameshachagua toka Jumamosi jamani! Anachotaka ni jina langu liwepo, ili siku taa ya injini ikiwaka pale kwenye foleni ya Ubungo anipigie simu aseme "gari lako ulilonichagulia."

Na tukishanunua tunaiweka wapi? Hakuna anayeuliza hilo. Pale kwetu IST yenyewe inaingia getini kioo kimoja kikiwa kimekunjwa, na sehemu ya kupaki ni moja tu, chini ya mwembe wa mwenye nyumba, ambako kuku wake ndo wanalala. Namuona Mjerumani mweupe asubuhi na alivyopambwa. Ukimwambia mzee kuhusu kuku anasema kuku wamekuwepo kabla yako. Ukimwambia apunguze matawi anasema ule mti ameupanda marehemu baba yake. Kodi tunalipa miezi sita kwa mkupuo, maji tunachangia, taka tunachangia, ila embe zikiiva siku hiyo ndo utamuona na wajukuu na ndoo na mti wa kuangulia, anahesabu moja moja. Msimu uliopita nikala moja, MOJA, akanipigia simu saa tatu usiku. Nikamwambia mzee wangu, ile ilianguka yenyewe. Akanyamaza kidogo, alafu akaniuliza, iliangukia kwenye sahani yenye chumvi na pilipili?