Fedha za Utafiti kutoka Nje: Swali ni la Nani?

Kila msimu wa ufadhili unapofunguliwa, Malindi hujaa mabishano yaleyale. Wako wanaosema omba tu, pesa haina uraia. Na wako wanaosema hao wageni wanakuja kuchuma, wakishachuma wanaondoka. Kila upande una ushahidi, na mwingi uko hapahapa kwetu.

Tuanzie Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Majukwaa ya San Marco ya kurushia roketi yaliwekwa baharini miaka ya 1960 na Waitaliano wa Chuo Kikuu cha La Sapienza cha Roma, wakishirikiana na NASA. Walipapenda kwa kuwa ni karibu na Ikweta, ambako roketi hupata msukumo zaidi kutokana na mzunguko wa dunia. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei kutoka angani. Ikaitwa Uhuru, kwani siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya kujitawala. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Jina letu lilipaa, data ikateremkia kwa wengine.

Wanaolalamika huishia hapo, nami nadhani wanaishia mapema mno. Uhusiano huohuo na La Sapienza ndio uliozaa 1KUNS-PF, setilaiti ya kwanza ya Kenya, kijisanduku cha sentimita 10 kila upande. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa cha kwanza kuchaguliwa katika KiboCUBE, mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani, na tarehe 11 Mei 2018 setilaiti hiyo ikaachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. (Ndiyo, nchi yenye majukwaa ya kurushia roketi ililazimika kupitia kwa Wajapani. Roketi ya mwisho iliondoka Ngomeni mwaka 1988.) Hata hivyo, safari hii Wakenya waliushika mtambo wenyewe.

Tofauti ya 1970 na 2018 ni nani aliyeleta swali. Mambrui, mji mkongwe wa pwani karibu na Malindi, inaonyesha jambo hilo vizuri. Kuanzia mwaka 2010 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Peking walichimba pale pamoja na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, kwa fedha za China, na ikapatikana sarafu ya Kichina ya karne ya 15. Kazi ilikuwa halali na ya pamoja. Lakini hamu kubwa ya mfadhili ilikuwa kujua kama meli za Zheng He, amiri wa Kichina wa karne hiyo, zilifika, na sarafu ndiyo iliyotangazwa duniani. Mtu wa Mambrui angeweza kuwa na swali lingine: babu zetu walifua chuma vipi, waliishi vipi, mji ulipungua kwa nini? Maswali hayo hufuata nyuma, ikiwa bajeti imebaki.

Mpangilio wenyewe wa ruzuku husaidia hali hiyo iendelee. Chukua Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wenye zaidi ya euro bilioni 26 kwa miaka ya 2021 hadi 2027. Katika ubadilishanaji wa wanafunzi na nchi kama yetu, ombi huwasilishwa na chuo cha Ulaya. Chuo cha huku huwa mshirika, husubiri kualikwa. Sisemi ni hila. Fedha ni za walipakodi wao. Ila mkono mtupu haulambwi. Sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inataka Mfuko wa Taifa wa Utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, na Hazina haijawahi kukaribia hapo. Tukienda mezani bila senti, tutajadili nini zaidi ya nauli?

Ndiyo maana mimi naelemea ruzuku za WIOMSA, jumuiya ya sayansi ya bahari yenye makao Zanzibar. Kupitia mpango wa MASMA hufadhili watafiti wa ukanda wetu, na mtu wa Lamu anayetaka kuchunguza mikoko au kaa hahitaji kwanza kumshawishi profesa wa mbali kwamba mikoko ina maana. Wapinzani watanikumbusha kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo imetoka Sweden. Kweli. Na zipo maabara ambazo hatutakuwa nazo leo wala kesho; anayetaka kusoma vinasaba vya samaki kwa kina huenda akalazimika kusafiri.

Basi asafiri. Lakini tazama safari yenyewe. Mwanafunzi wa Lamu anavuka kwa boti hadi Mokowe, anapanda basi, analala kwa jamaa Nairobi akishughulikia viza. Mara nyingi posho huanza kuingia akishafika chuoni, ilhali pasipoti, bima na amana ya chumba hulipwa kabla. Hapo ndipo anayebaki hubaki, hata kama alama zake ni bora kuliko za anayekwenda.

Hilo halihitaji Brussels wala Beijing. Kaunti za Kilifi na Lamu tayari hutoa basari za karo. Zitenge fungu dogo la mkopo bila riba kwa mwenye barua ya kukubaliwa, alipe posho ikishaingia.