Mistari ya Jino la Sili Haijisomi Yenyewe

Tangu wanasayansi Victor Scheffer mwaka 1950 na Richard Laws mwaka 1952 walipoonyesha kwamba umri wa sili, mnyama wa baharini anayenyonyesha, unaweza kukadiriwa kwa matabaka ya meno yake, njia hii imekuwa tegemeo la utafiti wa wanyama hao. Mimi ni mmoja wa wanaoithamini sana, na kwa sababu hiyo hiyo naona ni kosa kuandika umri uliopatikana hivyo kama namba moja tupu, bila kutaja kiasi cha shaka kilichomo.

Chukua jino la chonge la sili-tembo, aina ya sili mkubwa sana. Mnyama huyu hupanda nchi kavu kuzaliana, akakaa wiki nyingi bila kula, kisha hurudi tena baadaye kubadili manyoya, akifunga vilevile, na vipindi hivyo vya njaa na shibe huacha alama katika dentini, yaani sehemu ngumu inayojengeka ndani ya jino. Kipande chembamba kikitazamwa kwa hadubini, mistari hiyo hujitokeza, mingine myeusi, mingine myeupe. Tatizo ni kwamba mwaka mmoja unaweza kuacha mistari zaidi ya mmoja, na anayehesabu ndiye anayeamua upi ni wa mwaka na upi ni wa ziada. Kwa sili wazee wa aina nyingi mambo huwa magumu zaidi: uwazi wa ndani ya jino hujaa, dentini haina tena pa kuongezeka, na inabidi kugeukia sementi, yaani ganda gumu linalozunguka mzizi wa jino, ambayo matabaka yake ya mwisho hubanana mno.

Wengi huridhika wasomaji wawili wa mistari hiyo wakitoa jibu moja. Nakubali kwamba hilo lina uzito, lakini watu waliofundishwa na mwalimu mmoja wanaweza kukosea kwa namna moja. Kosa la mwaka mmoja tu kwa majike vijana hubadilisha umri wa kuzaa kwa mara ya kwanza, na hesabu ya ongezeko la kundi zima huyumba, pamoja na idadi inayoruhusiwa kuwindwa.

Kipimo cha kweli ni jino la sili aliyetiwa alama akiwa mtoto, ambaye mwaka wake wa kuzaliwa unajulikana. Meno ya namna hiyo ni machache. Yakipatikana, yachanganywe na mengine bila maelezo yoyote, na kila msomaji ayahesabu zaidi ya mara moja, bila kuona jibu lake la awali.