Simu nafuu yenye sura ya simu ghali: anza na hifadhi, kamera baadaye

Simu ya bei ya chini kuvaa sura ya simu ya kifahari si kosa. Kingo bapa, kona za mviringo, lenzi tatu juu ya jukwaa la mraba, rangi ya kijivu isiyong'aa inayofanana na titani: hayo yote ni umbo, na umbo halimwibii mtu. Wizi unaanza pale uigaji unapotoka kwenye umbo na kuingia kwenye vipimo. Lenzi inawekwa mahali ambapo hakuna kamera. Boksi linaandikwa RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu zinafanyia kazi) GB 16 wakati ndani mna 8, au hata 4. Kwangu mimi umbo linasameheka, vipimo havisameheki, na simu ya aina hii ipimwe kwa mambo ambayo jicho haliyaoni ikiwa inang'aa ndani ya kabati la dukani.

La kwanza ni hifadhi, na si ukubwa wake tu bali aina yake. Matangazo hutaja GB 128 au 256 kwa herufi kubwa, kisha yananyamaza. Simu nyingi za daraja hili zinatumia eMMC 5.1, aina ya hifadhi ya zamani na ya bei nafuu, ambayo husoma faili kubwa kwa kasi ya MB 250 hadi 300 hivi kwa sekunde. UFS 2.2, aina ya hifadhi iliyo mpya zaidi, ambayo siku hizi inapatikana hata kwenye simu za bei ya kati, hukaribia MB 1,000. Lakini tofauti inayoumiza zaidi haimo kwenye namba hizo. eMMC haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja: kazi moja ikipita, nyingine inangoja zamu. UFS inafanya zote mbili kwa pamoja. Ndiyo maana simu ya eMMC huganda unapofungua ujumbe wakati programu nyingine zinasasishwa kimyakimya. Prosesa haijazidiwa, inasubiri faili lifike, na kuongeza RAM hakuondoi kusubiri huko.

Kibaya ni kwamba wiki za mwanzo tatizo hili halijitokezi. Simu mpya ina nafasi tupu tele, kwa hiyo kuandika ni kazi nyepesi. Hifadhi ikishajaa kupita asilimia 80 hivi, kidhibiti chake hulazimika kuhamisha data na kufuta sehemu za zamani kabla ya kuandika mpya, na hapo ndipo simu iliyokuwa ikisifiwa inaanza kuwa nzito. Mwenye simu analaumu virusi au sasisho la mwisho, wakati kosa lilikuwepo tangu kiwandani. Kwa hiyo tathmini yoyote iliyofanywa simu ikiwa tupu haina thamani kubwa. Anayetaka ukweli aijaze hifadhi kwa video hadi asilimia 85, aruhusu programu kama kumi zisasishwe kwa mpigo, kisha papo hapo afungue kamera, apige picha tatu mfululizo na kuzitazama kwenye matunzio. Kamera ikichelewa kufunguka, au picha ya tatu ikakataa kuonekana mpaka duara limalize kuzunguka, jibu limepatikana. Anayependa namba atumie programu ya AndroBench au CPDT, na asitazame kasi ya faili kubwa peke yake. Kasi ya kuandika vipande vidogo vya KB 4 ndiyo inayofanana na matumizi ya kila siku.

Hapo hapo kwenye hifadhi ndipo hadithi ya RAM ya kukopa inapoingia. Simu ya RAM GB 4 inatengewa GB 4 nyingine kutoka kwenye hifadhi, kisha inauzwa kama ya GB 8. Kwenye boksi alama ya kujumlisha huwa ndogo kiasi cha kupotea. Kumbukumbu iliyokopwa kutoka kwenye eMMC ina mwendo wa eMMC, yaani iko mbali sana na mwendo wa RAM halisi, na kila programu inayohamishiwa huko inaongeza kuandika kwenye hifadhi ambayo tayari imeelemewa. Kwenye simu ya namna hii RAM ya kukopa izimwe kabisa kupitia mipangilio, kisha simu iwashwe upya. Wengi wanaogopa kuizima kwa kuona wanapunguza kitu. Hawapunguzi kitu chochote cha maana. Kujua RAM ya kweli ni rahisi: fungua mipangilio, ingia kuhusu simu, bonyeza namba ya toleo mara saba ili chaguo za msanidi zifunguke, kisha tafuta sehemu ya kumbukumbu. Simu ya GB 4 itaonyesha pungufu kidogo ya 4, kwa sababu sehemu yake imeshikwa na mfumo.

Prosesa nayo isomwe kwa jina, si kwa idadi ya kori, yaani vitengo vya kufanyia hesabu vilivyomo ndani yake. Kori nane zinaweza kuwa na maana nyingi. Unisoc SC9863A ina kori nane za Cortex-A55, zote ndogo, kwa teknolojia ya nanomita 28 (hapa namba ikiwa ndogo ni bora), na kwa programu za leo imeshazeeka. Unisoc T606 na MediaTek Helio G85 zina kori mbili za Cortex-A75 na sita ndogo kwa nanomita 12. Hizo zinatosha kwa simu, ujumbe, ramani na video, lakini si kwa michezo mizito. Helio G99 ina kori mbili za Cortex-A76 na imetengenezwa kwa nanomita 6, hivyo inakwenda kasi zaidi bila kupata moto upesi. Simu yenye G99, UFS 2.2 na RAM GB 8 za kweli naitetea mbele ya mtu yeyote, hata kama mgongo wake umenakiliwa milimita kwa milimita.

Sasa kamera, kwa sababu ndizo zinazouza. Fungua programu ya kamera, kisha ziba lenzi moja baada ya nyingine kwa ncha ya kidole. Ile inayogeuza kioo kuwa cheusi ndiyo kamera. Badilisha hali: picha ya kawaida, picha ya mtu yenye ukungu nyuma, picha ya karibu sana, picha pana. Duara ambalo ukiliziba hakuna hali hata moja inayobadilika ni pambo, au ni sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo isiyochangia chochote kinachoonekana. Ukimulika tochi kwa upande, kamera halisi inaonyesha tabaka za kioo zinazoshuka ndani na tundu dogo katikati. Pambo linaonyesha sakafu tupu nyeusi chini ya kioo kimoja. Kuna simu zenye lenzi ya pili ya megapikseli 2, na nyingine zina sensa ya megapikseli 0.08 inayoitwa lenzi ya akili bandia. Picha ya kutumainiwa haitoki kwenye hizo. Ukungu wa nyuma kwenye picha ya mtu unatengenezwa na programu, ndiyo maana nywele na masikio hukatwa vibaya.

Kamera kuu ya megapikseli 50 nayo isikudanganye. Chukua sensa ya Samsung JN1, ambayo imewekwa kwenye simu nyingi: ukubwa wake ni 1/2.76 ya inchi na kila pikseli ina upana wa mikromita 0.64. Kamera kuu ya iPhone 14 Pro ina sensa ya 1/1.28 ya inchi yenye pikseli za mikromita 1.22. Kwa eneo, ya pili inazidi ya kwanza zaidi ya mara tatu, na eneo ndilo linalokusanya mwanga. Sensa ndogo inaunganisha pikseli nne kuwa moja na kutoa picha ya megapikseli 12.5, ambayo mchana wa jua ni nzuri kweli, isiyotia aibu. Tatizo ni ndani ya nyumba jioni. Sensa ndogo inahitaji mlango wa mwanga ubaki wazi muda mrefu, na kwa kuwa simu nyingi za daraja hili hazina uimarishaji wa lenzi unaotuliza mtikisiko, kila mkono unaotikisika unaacha ukungu. Jaribio langu la kamera ni moja: mtu apunge mkono polepole chini ya taa ya kawaida ya chumbani. Vidole vikihesabika, kamera inafaa.

Mbele ya simu uigaji umeelekea juu ya kioo. Mwaka 2022 iPhone 14 Pro ilikuja na Dynamic Island, kidonge cheusi juu ya kioo kinachotanuka kuonyesha taarifa, na chini yake kuna vifaa vya kweli: kamera ya mbele pamoja na mfumo wa infraredi unaosoma uso kwa kurusha maelfu ya nukta. Mwaka uliofuata realme C55 ikatoa Mini Capsule, na chapa nyingine zikaja na majina yao. Kwenye simu hizi kuna tundu moja la kamera tu. Weusi unaolizunguka umechorwa na programu. Kwenye kioo cha AMOLED mchoro huo unapendeza, kwa sababu pikseli nyeusi zimezimika. Lakini simu nyingi za bei ya chini zina kioo cha IPS LCD, ambacho taa yake ya nyuma haizimiki. Zima taa za chumba, pandisha mwangaza, chomeka chaji ili kidonge kijitokeze, kisha tazama kwa karibu: tundu la kamera ni jeusi tititi, na kidonge kinacholizunguka ni cha kijivu. Kazi yake kwa kawaida ni kuonyesha chaji, mazungumzo ya simu yanayoendelea na kufunguka kwa uso, basi. Kisichotajwa kwenye tangazo ni kwamba kufungua kwa uso hapa kunategemea kamera ya kawaida peke yake, na kamera ya kawaida inaweza kudanganywa kwa picha. Programu za fedha zifungwe kwa alama ya kidole au namba ya siri.

Kioo hicho hicho ndicho kinachofichua ukingo mpana wa chini. Kwenye LCD, chipu na utepe wa nyaya zinazoendesha kioo hukaa upande huo, wakati AMOLED inayokunjika ya simu ghali hukunjwa kuelekea nyuma. Picha ya tangazo yenye kingo nne zilizo sawa ni mchoro, kwa hiyo tafuta picha ya simu yenyewe. Angalia pia idadi ya pikseli: inchi 6.6 kwa 720 × 1612 ni pikseli 267 hivi kwa inchi, na herufi ndogo zinaanza kuwa na kingo za kukwaruza. Mimi ningechukua kioo cha pikseli 1080 kwa upana chenye Hz 60 (mara ambazo kioo huchora picha upya kwa sekunde) kuliko cha 720 chenye Hz 90.

Mwili sina ugomvi nao. Fremu ya simu ghali ni ya metali, na metali huzuia mawimbi, kwa hiyo hukatwa na kuunganishwa kwa vimistari vya plastiki ili vipande vyake vitumike kama antena. Fremu ya plastiki haihitaji vimistari hivyo, lakini utavikuta vimepakwa rangi kwa ajili ya kufanana. Havina madhara. Plastiki hupitisha mawimbi, ni nyepesi, na ikidondoka haibonyei. Udhaifu wake ni rangi, ambayo huchubuka mapema kwenye kona na kuzunguka tundu la chaji. Kava laini litasaidia. Isitoshe, simu hizi mara nyingi zimebaki na tundu la spika za masikioni na nafasi ya kadi ya kumbukumbu, vitu ambavyo simu ghali zinazoigwa zimeshaviacha.

Vipo vitu viwili vinavyosahaulika. Jairoskopu (kihisi cha kugeuka kwa simu) na dira mara nyingi zimeondolewa kubana gharama. Bila dira, mshale wa ramani haujui umeelekea wapi mpaka uanze kutembea. Na betri ya mAh 5,000 ina nishati ya Wh 19 hivi, kwa hiyo chaja ya W 10 inahitaji karibu saa tatu, maana mkondo hupungua betri inapokaribia kujaa.

Tofauti na hizi, zipo simu ambazo haziigi umbo tu bali zinabeba jina la simu nyingine. Hizo ni feki, na mipangilio yake imechezewa ili ionyeshe hifadhi ya TB 1. Nyingi zina MT6580, chipu ya kori nne za Cortex-A7 isiyo na uwezo wa 4G, huku alama ya 5G ikiwaka juu ya kioo. Piga *#06# na ulinganishe IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na ile ya kwenye boksi, kisha nakili faili kubwa hadi zipite GB 32 na uzifungue zote. Hifadhi ya uongo itakatisha kunakili, au itakubali lakini faili za mwisho hazitafunguka.

Kabla ya kulipa, ingia kwenye mipangilio utazame tarehe ya sasisho la usalama na toleo la Android, na uthibitishe kwenye tovuti ya mtengenezaji kama ameahidi masasisho na kwa miaka mingapi. Simu mpya ndani ya boksi ikiwa na sasisho la usalama lenye umri unaozidi mwaka, na mtengenezaji hana ahadi yoyote iliyoandikwa, iache hapo hapo hata kama vipimo vingine vyote imevifaulu.