Kiwanda kizima au shehena ya vyuma? Mvutano wa ushuru kwenye mitambo

Kiwanda cha sembe hakiingii kwenye kontena moja. Vinu vya roli huja kivyake, chekecho kivyake, kisha mota, elevata za ndoo, mabomba, saikloni za kutenganisha vumbi na hewa, paneli za umeme na mabunda ya nyaya. Mwishoni hufuata kontena mbili tatu za nguzo, majukwaa na ngazi za chuma. Wakala wa forodha anaviandikia vyote namba moja ya uainishaji wa bidhaa, 84.37, mitambo ya kusaga nafaka, ushuru sifuri. Afisa anafungua kontena la nguzo, anaona chuma. Ugomvi huanzia hapo, na sura yake ni ileile Dar es Salaam na Mombasa, kwa sababu sheria ni moja: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004.

Kinachogombaniwa si senti. Chini ya Ushuru wa Pamoja wa Forodha, malighafi na mitambo hulipa sifuri, bidhaa zilizochakatwa nusu hulipa asilimia 10, zilizokamilika hulipa asilimia 25, na tangu Julai 2022 kuna ngazi ya asilimia 35 ambamo baadhi ya bidhaa za chuma ziliwekwa. Chukua mfano wa kiwanda chenye thamani ya dola 400,000 hadi bandarini, nauli na bima zikiwemo. Forodha ikitoa humo vyuma vya dola 110,000 na kuvitoza asilimia 25, ushuru ni dola 27,500. Tanzania, VAT ya asilimia 18 juu ya ushuru huo ni dola 4,950 zaidi. Riba ya ushuru uliochelewa ni asilimia 2 kwa mwezi, yaani dola 550 kila mwezi kwa ushuru peke yake.

Mwagizaji ana hoja nzito. Maelezo ya 4 ya Sehemu ya XVI ya jedwali la HS, mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa, yanasema mashine kadhaa, hata zikiwa zimetengana na kuunganishwa kwa mabomba au nyaya tu, zikikusudiwa kufanya kwa pamoja kazi moja iliyo wazi, huainishwa zote kwa kazi hiyo. Elevata ikiandikwa peke yake ni 84.28 na mota ni 85.01, lakini ndani ya kinu zote zinasaga mahindi. Tena Kanuni ya 2(a) ya kulitafsiri jedwali hilo inaruhusu mtambo uliofunguliwa vipandevipande kuhesabiwa kama mtambo mzima. Nia ya kiwango cha sifuri ilikuwa kujenga viwanda, na ukimtoza mtu kwa kila kipande, nia hiyo inabaki kwenye karatasi.

Hata hivyo forodha haizuii kwa ukaidi tu. Maelezo ya 4 hayabebi vifaa vya pembeni visivyochangia kazi yenyewe. Kanuni ya 2(a) nayo ina mpaka: vipande vinavyozidi idadi inayohitajika kukamilisha mtambo huainishwa kivyake. Boliti za kuufunga mtambo huo huenda nao. Masanduku ya boliti za akiba za miaka mitatu ni 73.18, na mikanda ya mpira ya akiba ni 40.10. Maelezo ya 1 ya Sehemu hiyohiyo yanaitoa mikanda ya mpira na vifungio vya matumizi ya jumla nje ya Sura ya 84. Na kuna mafundi wa hapa wanaounda majukwaa, ngazi na mapaa. Vyuma kama hivyo vikipita bure kwa jina la kinu, karakana zao ndizo zinazoumia.

Kwa maoni yetu, swali linaloamua ni moja: kipande hiki kinaishughulikia nafaka, au kinabeba tu jengo? Fremu iliyotengenezwa kwa vipimo vya chekecho na kufungwa nayo ni sehemu ya mashine. Paa, ngazi ya wafanyakazi na nguzo za ukuta ni 73.08, na kuzitetea kama kinu ni kuharibu kesi nzima, kwa sababu afisa akikuta uzembe mmoja huacha kuamini yaliyobaki. Hapo waagizaji wengi hujikwaa wenyewe.

Kosa jingine ni ankara yenye mstari mmoja: "kiwanda cha sembe, seti 1". Inaonekana rahisi, lakini inamnyima afisa njia ya kutenganisha. Taka ankara ya mstari kwa mstari, kila mstari na namba inayolingana na mchoro wa mpangilio wa kiwanda na orodha ya vifurushi. Gharama za kufunga mitambo na kuwafundisha waendeshaji baada ya bidhaa kufika haziingii kwenye thamani ya forodha, ila tu zikitenganishwa kwenye bei. Zikichanganywa, zinatozwa. Vipuri vya bure vya dhamana navyo vina thamani, hata ankara ikiandikwa sifuri.

Shehena iliyogawanywa ndiyo hatari zaidi. Bidhaa huainishwa kwa hali inayofika nayo, kwa hiyo kontena la nyaya likija meli ya mwezi unaofuata, peke yake ni nyaya. Peleka barua na michoro kwa Kamishna wa Forodha kabla meli ya kwanza haijang'oa nanga, ukionyesha kontena zote zilizo za mkataba mmoja.

Uamuzi wa forodha ukitoka, siku zinahesabika. Ombi la mapitio kwa Kamishna hupelekwa ndani ya siku 30, kwa maandishi na kwa sababu. Kamishna ana siku 30 kujibu. Asipojibu, sheria inachukulia kwamba amelikubali ombi. Tahadhari: akiomba maelezo zaidi, siku zake huhesabiwa tangu ayapate, hivyo tunza ushahidi wa tarehe uliyoyawasilisha. Ukikataliwa, rufaa kwenye chombo cha rufaa za kodi ni ndani ya siku 45.

Linalotusumbua zaidi ni ukaguzi wa baadaye. Forodha inaweza kudai ushuru uliopungua hadi miaka mitano nyuma, wakati unga umeshauzwa kwa bei isiyokuwa na ushuru huo. Forodha iko sahihi kisheria, kwani kuachilia kontena si uamuzi wa uainishaji. Lakini kiwanda hakiwezi kurudi kwa wateja wa miaka mitatu iliyopita kuwadai tofauti. Dawa imo ndani ya sheria yenyewe: uamuzi wa awali wa uainishaji, unaoombwa kabla ya kuagiza na unaoibana forodha mradi mitambo na maelezo yake hayajabadilika. Mwagizaji anayetia saini mkataba wa kiwanda kizima bila kuuomba anabahatisha kwa mtaji wake. Nayo forodha inapouchelewesha, basi inapopeleka madai miaka mitatu baadaye, inamdai mtu kwa shaka ambayo ilikuwa na nafasi ya kuimaliza.